Kondoo wa kwenye stempu: nani mwenyeji, nani mgeni?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa ugani wa mifugo wilayani Longido. Mjomba wangu, mstaafu wa posta, amenipa albamu yake ya stempu. Ndani nimekuta kondoo dume wa Falkland, kondoo dume wa Australia, mwanakondoo wa Afrika ya Kusini-Magharibi, watu wa Basutoland wakikata manyoya ya mbuzi, na seti ya mbuzi wanne wa Guernsey. Nataka kutengeneza mkusanyiko wa mbegu za asili za kondoo na mbuzi, niuonyeshe shuleni na kwenye Nane Nane. Nitajuaje kama mnyama aliye kwenye stempu ni wa asili ya nchi hiyo? Niongeze zipi? Na mbuzi na kondoo wetu nitawaweka wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Katika hizo ulizozitaja, wenyeji ni mbuzi wa Guernsey peke yao. Wengine wote waliletwa kwa meli, na walipewa nafasi kwenye stempu kwa sababu waliingiza fedha. Usiwatoe kwenye albamu. Wana kazi kubwa katika mkusanyiko wako, mradi maelezo unayoandika chini ya kila stempu yaseme wazi mnyama alitoka wapi na alifikaje.

Anza na Falkland. Hiyo ni stempu ya nusu peni ya mwaka 1933, katika seti ya kuadhimisha miaka 100 ya utawala wa Waingereza visiwani humo. Dume huyo ni Romney Marsh, mbegu ya nyanda tambarare zenye majimaji za Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Falkland haikuwa na kondoo wa asili, lakini kufikia wakati ule visiwa viliishi kwa sufu. Ukiipata seti nzima utaona nyangumi, meli ya kuwinda nyangumi, pengwini na mlima wa barafu unaoelea. Kondoo amewekwa kwenye thamani ya chini kabisa, ile ambayo mtu wa kawaida angeinunua mara kwa mara. Hapo utakuwa umeona jinsi serikali ya koloni ilivyojitambulisha kwa dunia: sisi ni watu wa sufu.

Huyo wa Australia itabidi umwangalie bei. Kama imeandikwa peni 2, 3 au 9, ni ya Novemba 1934, iliyotolewa kukumbuka miaka 100 tangu kifo cha Kapteni John Macarthur, mmoja wa waanzilishi wa ufugaji wa Merino huko Australia. Kama ni peni 5, ni stempu ya kawaida iliyoanza kutumika mwaka 1938. Zote ni Merino, na Merino ni kondoo wa Hispania. Wahispania walimlinda kwa sheria kali asitoke nje ya nchi yao. Baadhi walifika mikononi mwa Waholanzi, wakapelekwa Rasi ya Tumaini Jema na kufugwa katika kundi la Kanali Robert Jacob Gordon. Mwaka 1797 wakafikishwa Sydney, na Macarthur akawa miongoni mwa walionunua. Kwa hiyo mnyama ambaye dunia nzima inamhesabu kuwa nembo ya Australia alipita Afrika kabla ya kufika huko. Hilo liandike kwenye ukurasa wako, watoto wa shule watalifurahia.

Na liandike hili pia: Macarthur mwenyewe alikuwa nje ya koloni kuanzia 1801 hadi 1805, kisha tena 1809 hadi 1817. Miaka hiyo yote makundi yalikuwa chini ya mkewe, Elizabeth. Stempu ilitolewa kwa kumbukumbu ya mume. Wewe unafanya kazi na kina mama wanaojua kila mbuzi wa zizini kwa rangi na kwa mama yake, na nadhani hutahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hilo.

Ukiwa na ile ya peni 2, chukua lenzi uangalie kilima kilicho nyuma ya dume. Katika aina moja kivuli cha kilima kinaanza hafifu na kuwa cheusi kadiri jicho linavyosogea. Katika aina nyingine kilima chote kimekolea sawasawa. Hii ya pili ni adimu zaidi na bei yake ni kubwa. Wauzaji wengi wadogo huzichanganya kwenye bahasha moja, kwa hiyo inafaa kuzipitia moja moja bila haraka.

Mwanakondoo wa Afrika ya Kusini-Magharibi, Namibia ya leo, ni Karakul, kwenye stempu ya peni nne na nusu ya mwaka 1954. Asili yake ni Bukhara, katika Uzbekistan. Aliletwa mwaka 1907, enzi za Wajerumani, kwa juhudi za Paul Thorer, mfanyabiashara wa ngozi za manyoya wa Leipzig. Wewe mtaalamu wa mifugo utauliza mara moja: kwa nini wameweka mtoto badala ya dume lenye pembe? Jibu ni biashara yenyewe. Ngozi iliyokuwa ikiuzwa Ulaya ni ya mwanakondoo wa siku moja au mbili, wakati manyoya bado yamelala kwa mawimbi yanayong'aa. Akikua kidogo mawimbi yanafunguka na bei inashuka. Katika seti hiyohiyo kuna michoro ya kale ya miambani, wanawake wa Kiovambo na Kiherero, simba jike, choroa na tembo. Vyote vya nchi ile, isipokuwa huyu mmoja. Mwenyeji wa kweli, kondoo wa Damara mwenye mkia mnene anayefugwa na Wahimba wa kaskazini, si yeye aliyechaguliwa.

Ya Basutoland nayo ni ya 1954, shilingi 10, thamani ya juu kabisa katika seti yake. Inaonyesha mbuzi wa Angora wakikatwa manyoya yanayofumiwa kitambaa cha moheri. Mbegu hii ni ya nyanda za juu za Ankara, Uturuki. Inasimuliwa kwamba mwaka 1838 walipelekwa Afrika Kusini mabeberu 12 na jike mmoja, na kwamba Waturuki waliwahasi mabeberu wote kabla ya kuwapakia melini ili biashara isiwatoke. Lakini jike alikuwa na mimba, akazaa beberu njiani. Kutokana na hao na wengine walioletwa baadaye, moheri ikaenea hadi milima ya Wasotho, na hadi leo Lesotho ni mzalishaji mkubwa wa moheri duniani, ikitanguliwa na Afrika Kusini. Mimi naipenda stempu hii kuliko zote za kundi la wageni, kwa sababu inaonyesha mikono ya watu na kazi yao. Zile nyingine zinamwonyesha mnyama akiwa peke yake kama sanamu.

Sasa kabla hatujafika Guernsey, kuna daraja la katikati ambalo albamu yako haina: mnyama aliyezaliwa nchini kwa wazazi wageni. Mfano mzuri kuliko yote ni seti ya New Zealand ya Januari 1991, stempu sita, wakiwemo Romney, Coopworth, Perendale, Corriedale na Drysdale. Romney ni mgeni. Hao wanne wengine walitengenezwa kulekule kwa kupandisha na kuchagua vizazi hadi vinyooke. Coopworth amebeba jina la Profesa Ian Coop wa Chuo cha Lincoln, Perendale la Geoffrey Peren wa Chuo cha Massey, Drysdale la Francis Dry, naye wa Massey. Corriedale ni jina la shamba alikotengenezwa, na huyo hata hapa kwetu si mgeni kabisa, maana wafugaji wa Molo na nyanda nyingine za juu za Kenya wanamfahamu. Sisi Tanzania tuna jambo linalofanana na hilo: mbuzi wa Malya, aliyetengenezwa Kanda ya Ziwa kwa damu ya Kamorai asilimia 55, Boer asilimia 30 na mbuzi wetu wa kienyeji asilimia 15. Je, Malya ni mbuzi wa asili? Kwa mkusanyiko wako ningemweka daraja hilo la katikati, pamoja na Corriedale na wenzake.

Guernsey sasa. Kisiwa hiki kidogo kilicho karibu na pwani ya Ufaransa kilianza kujiendeshea posta yake mwaka 1969, na Agosti 1980 kikatoa seti ya stempu nne za mbuzi wake wa dhahabu: peni 7, 10, 15 na 17 na nusu. Mbuzi hao rangi yao inaanzia manjano hafifu kama nyasi kavu hadi shaba iliyokolea. Ni wadogo, wapole, na ni mbuzi wa maziwa. Vita vya pili vilipofika, Wajerumani walikikalia kisiwa kuanzia 1940 hadi 1945. Chakula kikaadimika na mifugo ikachinjwa. Mwanamke mmoja, Miriam Milbourne, aliyekuwa akifuga mbuzi hao tangu miaka ya 1930, aliwaficha wake kwa hatari kubwa. Mbuzi wengi wa dhahabu walioko leo wanahesabiwa kutoka kundi lake. Mwaka 1965 ndipo walipofunguliwa kitabu chao maalumu cha ukoo, na miaka 15 baadaye wakawa kwenye stempu.

Linganisha na Falkland. Kule kondoo aliingia kwenye stempu kwa kuwa alikuwa mwingi na ndiye aliyeshika uchumi. Guernsey mbuzi aliingia kwa kuwa alikaribia kutoweka na watu wa kisiwa wakamwona ni sehemu yao. Kati ya 1933 na 1980 kuna kitu kilibadilika katika jinsi watu wanavyomtazama mnyama wa kienyeji, na stempu zinakuonyesha badiliko hilo kwa macho. Uzi wa mkusanyiko wako uwe huo. Ukiufuata, kila ukurasa utakuwa na sababu ya kuwepo.

Kwa hiyo stempu za kuongeza ni zile za upande wa pili wa badiliko. Uingereza ilitoa stempu kumi za wanyama wa shambani tarehe 11 Januari 2005, michoro ya Chris Wormell. Mbili zinakuhusu: kondoo wa Suffolk na mbuzi wa Bagot. Suffolk ni kondoo wa nyama aliyefanikiwa sana, uso mweusi bila sufu, aliyetokana na madume ya Southdown na majike ya Norfolk Horn. Mafanikio yake yalichangia kumsukuma Norfolk Horn, mama yake, hadi ukingoni mwa kutoweka. Bagot ni kinyume chake. Ni mbuzi wa nusu porini wa bustani ya Blithfield huko Staffordshire, kichwa, shingo na mabega meusi, sehemu ya nyuma nyeupe, pembe ndefu zilizopinda nyuma. Masimulizi ya familia ya Bagot yanasema mfalme Richard wa Pili ndiye aliyewapa. Ziweke stempu hizo mbili ukurasa mmoja, aliyeshinda sokoni na aliyebaki kwa kulindwa.

Mwaka 2012 Uingereza ikatoa tena kondoo sita katika stempu za mashine, ambazo daraja la huduma lilichapwa wakati wa kununua: Leicester Longwool, Dalesbred, Badger Face wa Wales, Jacob, Suffolk na Soay. Tafuta hasa Soay. Ni kondoo mdogo wa visiwa vya St Kilda, Scotland, anayedondosha manyoya yake mwenyewe bila kukatwa. Watu wa St Kilda waliondolewa mwaka 1930 kwa ombi lao wenyewe kwa ugumu wa maisha, na mwaka 1932 kondoo 107 wa Soay wakahamishiwa Hirta, kisiwa kilichokuwa cha watu. Mpaka leo wanaishi huko bila mchungaji wala dawa, na wanasayansi wamewafuatilia kwa miongo mingi.

Marekani nayo ilitoa stempu kumi za mbegu za urithi tarehe 17 Mei 2021, zikazinduliwa Mount Vernon, iliyokuwa nyumba ya George Washington. Wako mbuzi wa Kisiwa cha San Clemente na kondoo wa Barbados Blackbelly. Mbuzi wa San Clemente waliishi kwenye kisiwa cha jeshi la majini karibu na California. Walikuwa wakila mimea isiyopatikana kwingine duniani, wakaondolewa wote, na wachache waliookolewa ndio waliozaa makundi ya leo. Ni kisa kigumu, maana mnyama adimu alikuwa anaangamiza mmea adimu. Usikirahisishe kwenye maelezo yako.

Blackbelly anahitaji jicho lako la ugani. Ni kondoo wa nywele, asiye na sufu, mwili wa kahawia, tumbo jeusi, michirizi myeusi usoni. Ukimtazama haraka unaweza kudhani ni mbuzi. Alitokea Barbados, na sehemu ya damu yake ni ya kondoo wa nywele wa Afrika. Dume na jike wote hawana pembe. Ukiona picha ya kondoo wa rangi hiyohiyo mwenye pembe kubwa zilizojikunja, huyo ni Blackbelly wa Kimarekani, chotara aliyechanganywa na kondoo mwitu wa Ulaya kwa ajili ya pembe.

Hiyo ndiyo njia ya kumthibitisha mnyama wa stempu yoyote. Soma jina kama limeandikwa, kisha ulilinganishe na pembe, masikio, mkia na rangi. Stempu isiyo na jina la mbegu iache kwanza. Mwaka wa kondoo katika kalenda ya Kichina, kama 2003 na 2015, huzaa stempu nyingi mno za mapambo. Nzuri kwa macho, lakini hazina mbegu yoyote ndani yake. New Zealand 1991 ilitumia mwaka huohuo wa kondoo kuonyesha mbegu halisi, ndiyo maana naithamini.

Jihadhari pia na stempu bandia. Kuna vikaratasi vingi vya wanyama vyenye majina ya nchi za Afrika ambavyo posta za nchi hizo hazikuvitoa kabisa. Umoja wa Posta Duniani umekuwa ukituma nyaraka za kuonya juu ya hili kwa miaka mingi. Kwa stempu za kuanzia 2002 kuna orodha ya kimataifa ya stempu iitwayo WNS kwenye mtandao, bure, ambamo posta husajili stempu zao. Ukiikuta humo, iko salama. Usipoikuta usiitupe mara moja, kwa sababu si nchi zote zinazosajili. Iulize posta ya nchi husika kabla hujalipa.

Kuhusu kutunza: shika kwa kibano, si kwa vidole. Zile za Falkland na Australia, kama bado zina gundi ya awali nyuma, usizilowanishe kamwe. Zile za Marekani za 2021 ni za kujibandika na gundi yake haiachii kwa maji. Zilizotumika zikate pamoja na kipande cha bahasha.

Umeuliza kuhusu mbuzi na kondoo wetu. Ukienda kwenye mashindano ya filateli, yaani ukusanyaji wa stempu, yenye masharti ya mkusanyiko wa mada, unaruhusiwa vitu vya posta tu: stempu, bahasha rasmi, mihuri, barua zilizosafiri. Picha ulizopiga zizini hazikubaliki. Lakini kuna daraja la wazi, ambalo linataka angalau nusu ya vitu viwe vya posta na nusu nyingine iwe chochote kinachosaidia kueleza mada. Tengeneza mkusanyiko wako kwa daraja hilo, na kwa shule na Nane Nane utafaa vilevile.

Hapo ndipo pa kumweka Kondoo Mwekundu wa Kimaasai, ambaye wewe unamwona kila siku. Nywele nyekundu za kutu, mkia wa mafuta, na uwezo wa kuhimili minyoo ya tumbo ile ya Haemonchus, inayofyonza damu mpaka kondoo wa mbegu nyingine anapauka ufizi na kuvimba chini ya taya. Watafiti wa taasisi ambayo leo ni ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, walimlinganisha na Dorper huko Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990, na mwekundu akawa imara zaidi pale penye unyevu na minyoo mingi. Dorper ni mkubwa na ana soko, ndiyo maana wafugaji walimpandisha kwa wingi hadi mwekundu safi akawa haba. Na Dorper mwenyewe ni chotara wa Afrika Kusini kati ya Dorset Horn wa Uingereza na Persian mwenye kichwa cheusi, ambaye licha ya jina lake asili yake ni Somalia. Weka picha ya mwekundu na ya Dorper chini ya zile za Suffolk na Bagot. Mfugaji wa Longido ataelewa ukurasa huo bila wewe kufungua mdomo.

Kisha ukiwa na picha nzuri za upande, mnyama amesimama wima na miguu yote minne inaonekana, iandikie idara ya stempu ya Shirika la Posta Tanzania upendekeze seti: Mwekundu wa Kimaasai, mbuzi wa Kigogo, mbuzi wa Newala, na Malya. Sisitiza kila mmoja aandikwe jina la mbegu yake, maana neno "mbuzi" tupu halitamsaidia mkusanyaji wa Guernsey atakayeipokea barua yako. Ambatanisha maelezo ya kitaalamu ya nusu ukurasa kwa kila mnyama, ukubwa, rangi, anakofugwa na anachohimili, kwa sababu mchoraji wa stempu mara nyingi hajawahi kumwona mnyama anayemchora.